Hatua za Atupele

Soksi zilipanda zenyewe. Zilitoka kwenye kisanduku chao miguuni pa kitanda namba kumi na nne, zikatambaa juu ya shuka kama viwavi wawili wenye adabu, zikagusagusa vidole vya Atupele ili kuhakikisha upi ni mguu wa kulia na upi ni wa kushoto, kisha zikajivuta taratibu, zikapita kifundo, zikapita kigimbi, zikaishia chini kidogo ya bandeji iliyofunga paja lake. Zilipofika hapo zilitulia kidogo, kana kwamba zinasali. Halafu zikaanza kukamua.

Zilikamua kuanzia unyayoni kwenda juu, pete baada ya pete, zikaachia, zikakamua tena. Wagonjwa wa wodi nzima waligeuza shingo kutazama, ingawa kila mmoja wao alikuwa na jozi yake. Yapo mambo ambayo mwanadamu hayazoei hata ayaone kila siku, na soksi zinazojivika miguuni mwa mtu bila kuombwa ni mojawapo.

Jina rasmi la mashine hiyo lilikuwa refu na lilihitaji kuvuta pumzi mara mbili. Wodini iliitwa Mkamuzi.

Mwaka ulikuwa 2093, na jiji la Mbeya lilikuwa limeendelea kiasi cha kutisha. Kila asubuhi vyombo vya angani viliondoka nyuma ya mlima Loleza vikiwapelekea parachichi wakazi wa mwezini, ambao kwa taarifa zilizokuwepo walikuwa walalamishi wakubwa wa chakula. Lakini damu ya mwanadamu ilikuwa haijapata habari za maendeleo hayo. Bado ilipanda kwa shida kutoka miguuni kwenda moyoni, na bado ilitegemea kigimbi kiisukume kila mtu apigapo hatua. Mtu akipasuliwa, akalala chali siku tatu nne, kigimbi hakifanyi kazi, na damu isiyo na shughuli hufanya kama darasa lisilo na mwalimu: hujikusanya makundi makundi kwenye kona. Kundi likigandamana linakuwa bonge. Bonge likikaa mguuni, linauma. Likibanduka na kusafiri hadi kwenye mapafu, linaua, tena linaua kabla mtu hajamaliza kueleza anavyojisikia.

Mkamuzi alitengenezwa kuzuia jambo hilo. Alikamua miguu usiku na mchana, na kwa sindano nyembamba kama unywele, iliyofichwa kwenye upindo wa soksi, alidondosha dawa ya kulegeza damu. Dawa hiyo ilikuwa na ukorofi wake. Ikizidi, kidonda cha upasuaji huvuja. Ikipungua, damu huganda. Kwa hiyo Mkamuzi alihitaji kujua jambo moja tu kuhusu mgonjwa: je, anatembea? Anayetembea hujikamua mwenyewe, basi hupunguziwa. Asiyetembea huongezewa. Habari hizo zililetwa na kikuku chembamba cha rangi ya maziwa, kilichovaliwa kwenye mguu usioumia, ambacho kilikuwa na kazi moja duniani, nayo ni kuhesabu hatua. Kikuku kilimweleza Mkamuzi, kikakieleza kioo cha kidijitali alichobeba muuguzi, na kikamtumia ndugu wa mgonjwa ujumbe wa sauti popote alipo, ili asihangaike kuja.

"Zamani tulikuwa wauguzi wanane hapa," alisema Sista Lugano, muuguzi pekee wa vitanda sitini. "Tulishika kila kigimbi kwa mkono, asubuhi na jioni. Sasa hivi nashika kioo."

Alimwambia hayo msichana aliyesimama kando ya kitanda akiwa na sare ya shule na uso wa mtu anayesubiri kuchapwa. Msichana huyo aliitwa Sekela, miaka kumi na saba, kidato cha nne, na ndiye aliyemvunja Atupele paja. Hakumsukuma. Alimpigia mluzi tu.

Ilikuwa hivi. Atupele na Sekela walikuwa marafiki wa Bweni la Rungwe tangu kidato cha kwanza, vitanda vyao vikipakana, namba zao za shule zikifuatana: Atupele 217, Sekela 218. Jumamosi moja, ikiwa imebaki wiki moja kufika mahafali, waliamua kuipamba shule kwa kutundika gagulo la matroni kwenye ncha ya mnara wa tenki la maji. Atupele, aliyekuwa mwepesi, alipanda. Sekela alibaki chini kulinda, na mapatano yalikuwa kwamba mtu akija apige mluzi mmoja. Hakuna mtu aliyekuja. Sekela alipiga mluzi ili aone Atupele atashuka kwa kasi gani. Atupele alishuka kwa kasi ambayo wote wawili hawakuitarajia.

Kikao cha nidhamu kilikaa saa mbili kikamhukumu Sekela kumuuguza mwenzake hadi atakapotoka hospitali. Katika historia ya shule ile, hiyo ndiyo adhabu pekee ambayo mwanafunzi aliiomba mwenyewe, huku analia.

Mama yake Atupele alikuja kutoka Kyela siku ya upasuaji, Jumapili, akakaa kwenye benchi la nje hadi mwanae alipotolewa. Alikuwa mkulima wa kakao na alikuwa ameziacha mbegu zake kwenye masanduku ya kuvundikia, ambazo zisipogeuzwa huoza. Hata hivyo alitaka kubaki. Hospitali ilimweleza kwa upole kwamba hakuna sababu, kwani kikuku kingempa habari zote. Jumatatu asubuhi alimshika Sekela mkono, wala hakumlaumu, na kutolaumiwa huko kulimuuma Sekela kuliko fimbo. "Nakuachia mwenzio," alisema. Kisha akaongeza kwamba kitenge cha mahafali alishakishona, na kwamba Jumamosi angekuja kumwona Atupele akipokea cheti chake hata kama atakipokea akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Lakini hakuna aliyetoka wodini ile bila ruksa ya Mkamuzi, na Mkamuzi hakutoa ruksa mpaka mgonjwa awe ametembea hatua elfu tatu kwa siku moja. Mtaalamu wa mifupa alikuwa amefunga paja la Atupele kwa chuma chepesi kilichoweza kubeba uzito siku hiyohiyo. Alikuwa amesahau kufunga maumivu.

Jumatatu mchana Atupele aliteremka kitandani kwa mara ya kwanza. Sekela alimshika upande mmoja, kiegemeo cha chuma upande mwingine, na gauni la hospitali likawa wazi mgongoni kwa faida ya wodi nzima. Alipiga hatua moja, akanyamaza. Alipiga ya pili, akamwita mama yake. Kutoka kitandani hadi dirishani zilikuwa hatua kumi na moja, na alipofika aliegemeza paji la uso kwenye kioo, jasho likimtoka. Chini kulionekana barabara ya kwenda Kyela.

"Naona basi la mama," alisema. Basi la mama yake lilikuwa limeondoka saa tatu zilizopita. Sekela hakumkosoa.

Alirudishwa kitandani kwa kiti cha magurudumu. Alipolazwa, kikuku kilitamka kwa sauti ya upole kwamba amepiga hatua kumi na moja, na kwamba kufikia mia mbili za siku ya kwanza bado mia moja themanini na tisa.

"Sirudii," Atupele alisema akiwa amefumba macho. "Waukate tu huu mguu."

Mkamuzi alisikia hatua kumi na moja, akaongeza dawa, akakaza pete zake, akakamua usiku kucha kama inavyotakiwa. Hiyo ndiyo ilikuwa siku pekee ambayo alifanya kazi akiwa anajua ukweli.

Hapa inabidi kueleza sheria moja ambayo haikuandikwa mahali popote, ila kila msichana wa Bweni la Rungwe aliijua kabla hajajua jina la mwalimu mkuu. Bweni lao lilikuwa na roboti wa kuhesabu wanafunzi, jina lake Bi Zamu, aliyepita kila jioni na magurudumu yake yanayolia, akitaja namba, akisikiliza sauti, na kupima joto la kila kitanda kwa jicho lake jekundu. Mwanafunzi asiyekuwepo aliandikwa. Kwa hiyo rafiki yako akiwa hayupo, uliweka chupa ya maji ya moto chini ya blanketi lake, na namba yake ikitajwa uliitikia kwa sauti yake. Hilo liliitwa kubeba namba. Asiyembebea mwenzake namba hakuombwa chumvi wala hakupewa, hakusukwa nywele, na aliogopwa kama mtu aliyetumwa na walimu. Sekela alikuwa amebeba 217 mara nyingi kiasi kwamba sauti ya Atupele aliiweza kuliko Atupele mwenyewe.

Jumanne asubuhi, kikuku kilipoanza kudai hatua zake, Atupele aligeuza kichwa kwenye mto.

"Seke. Nibebee namba."

Walitazamana. Sekela alibonyeza kitufe kidogo pembeni mwa kikuku, kikafunguka bila ubishi. Alikivaa. Kilikuwa bado na joto la mwenzake.

Alitoka kwenda kwenye ujia wa mteremko uliozunguka jengo kutoka ghorofa ya kwanza hadi ya saba. Mwanzoni alichechemea, kwa heshima ya sayansi. Alipogundua kwamba kikuku hakijali mwendo wa mtu mradi kimeguswa na ngozi ya moto na kutikiswa, alitembea kawaida. Alipiga hatua mia nne, akarudi, akakirudisha mguuni mwa Atupele, wakakaza nyuso wasicheke. Sista Lugano alipita na kioo chake. Namba ya kitanda kumi na nne ilikuwa imetoka kwenye nyekundu, iko kwenye njano. Alimwonyesha Atupele dole gumba, akaenda kitanda cha kumi na tano, ambako bibi mmoja aliyebadilishwa goti alikuwa anamhutubia Mkamuzi wake kama mkwe asiyefaa.

Sekela hakuona kwamba anafanya ubaya. Alikuwa amemvunja mtu paja kwa mluzi, na sasa alikuwa amepewa nafasi ya kutembea badala ya mwenzake kwa miguu yake mwenyewe. Kama angeambiwa alipe kwa kutembea hadi Kyela na kurudi, angekwenda. Jumatano alipiga hatua elfu moja mia tatu, na kwa kila hatua aliyoipiga Mkamuzi alipunguza tone la dawa na kulegeza pete zake kidogo, kwa furaha ya mashine iliyotimiza wajibu.

Jumatano hiyo, baada ya chakula cha mchana, Atupele alisema kigimbi kinamuuma. Cha mguu uliopasuliwa, kwa nyuma. Halafu kinawaka moto.

"Umetembea sana leo," Sekela akamwambia.

Walicheka. Walicheka hadi Atupele akashika paja kwa maumivu, na bibi wa kitanda cha kumi na tano akawaambia kwamba hospitali si kilabu cha pombe. Kicheko kilipoisha, Sekela alisema labda amwite Sista. Atupele alifikiri. Alisema Sista akija ataufunua mguu, atauliza ametembea saa ngapi na wapi, atakitazama kikuku, na Jumamosi mama atakuja na kitenge chake kukaa kwenye viti vya wazazi bila mtoto. Aliongeza kwamba mguu uliokatwa na kushonwa lazima uume, hata mbuzi analijua hilo. Sekela hakumwita Sista. Baadaye, katika maisha yake yote, hakupata tena mchana ambao aliutamani urudi kama ule.

Alhamisi alipiga hatua elfu mbili mia mbili, na jioni yake Mkamuzi alijivua. Hilo lilikuwa tukio. Soksi zililegea, zikateremka mapajani, magotini, zikavuka nyayo, zikarudi zenyewe kisandukuni na kufunga mfuniko. Wagonjwa waliokuwa macho walipiga makofi, kama ilivyokuwa desturi ya wodi ile kwa kila aliyefika siku hiyo. Bibi wa kumi na tano naye alipiga, ingawa kwa wivu. Sista Lugano alisimama mlangoni akasema kwa miaka sita hajaona binti mwenye juhudi kama huyu.

Sekela ndiye aliyekuwa karibu na miguu. Aliona kigimbi cha kulia kimekuwa kinene kuliko cha kushoto, na ngozi yake inang'aa kama ndizi iliyomenywa. Alivuta shuka, akakifunika.

Ijumaa ilikuwa siku ya kukamilisha hatua elfu tatu. Sekela alitoka mapema na kikuku. Alipanda hadi ghorofa ya saba, akashuka, akapanda tena. Alikuwa na furaha. Alihesabu kwa sauti ya Atupele ili kujichekesha. Saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa ghorofa ya tano karibu na mashine ya uji, kikuku kilitetemeka kwenye ngozi yake na kutangaza kwamba elfu tatu zimetimia. Wakati huohuo, huko Kyela, simu ya mama ilisema: "Hongera. Mgonjwa wako Atupele ametembea hatua elfu tatu leo. Endelea kumtia moyo." Mama alikuwa kwenye masanduku ya kakao. Aliirudia sauti hiyo mara tatu ili majirani waisikie.

Sekela alirudi akikimbia. Atupele alikuwa ameketi, amejishika kifuani, midomo imebadilika rangi, anavuta hewa fupifupi kama mtu aliyetoka kuzama. Hakuonekana kuogopa sana. Alionekana kushangaa.

"Seke," alisema. Akatafuta pumzi. "Umenitembeza sana."

Ulikuwa utani. Ndilo neno lake la mwisho.

Jambo la kwanza alilofanya Sekela halikuwa kuita. Jambo la kwanza alipiga magoti, akakifungua kikuku mguuni mwake, akakifunga mguuni mwa Atupele. Kitufe kilikataa, akajaribu tena, kikashika. Kisha ndipo alipopiga kelele. Sista Lugano alikuja mbio, akakitupa kioo chini, akashika kigimbi kwa mkono kama zamani, na uso wake ukabadilika. Walikuja madaktari wawili na mashine ya kusukuma moyo. Walihangaika kwa nusu saa. Kikuku kilihesabu mitikisiko ya mwili ule kama hatua, hadi daktari mmoja alipoziba kipaza sauti chake kwa kidole.

Walimzika Kyela siku ya Jumapili, akiwa amefungwa kitenge cha mahafali. Msibani kila aliyekuja kumpa mama mkono alisimuliwa zile hatua. Mama aliwaambia kwamba mwanae alipambana, kwamba kila siku aliongeza, kwamba asubuhi ileile alitembea elfu tatu. Aliwasikilizisha simu. Wanawake waliguna kwa mshangao na kumsifu marehemu. Sekela alikaa kwenye mkeka miguuni pa mama, akisikiliza idadi ya hatua zake mwenyewe ikiliwa kama chakula cha msiba.

Siku kumi baada ya kifo, mama aliitwa hospitalini kupokea matokeo ya uchunguzi na vitu vya mwanae. Alimwomba Sekela amsindikize, kwa sababu alisema peke yake asingeweza kuiona ile wodi. Kitanda cha kumi na nne kilikuwa na mgonjwa mpya, mwanamke aliyelala usingizi huku soksi zinamkamua. Sista Lugano hakuwepo. Alikuwa amesimamishwa kazi kwa kushindwa kutambua dalili, na nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na kioo kikubwa zaidi.

Aliyewapokea alikuwa mtu mwembamba wa miaka arobaini na kitu, amevaa koti la kazi lenye mifuko mingi. Alijitambulisha kuwa ni Mhandisi Gwakisa, ndiye aliyeunda Mkamuzi na kikuku chake. Alimwamkia mama kwa kuinama. Sekela alimwamkia shikamoo, akaitikia bila kumwangalia.

Alisema maneno yake pole pole, kama mtu aliyeyafanyia mazoezi. Mashine wameifungua hadi uzi wa mwisho na haina kasoro. Dawa ilitolewa sawasawa na mwendo wa mgonjwa. Marehemu alitembea hatua elfu sita mia tisa na kumi na moja kwa siku tano, ambayo ni rekodi ya wodi, na bado damu yake iliganda. Kwa hiyo lazima damu yenyewe ilikuwa na hitilafu ya kuzaliwa nayo. Alipendekeza ndugu wote wa ukoo wapimwe. Akasema pia kwamba kutokana na kifo hiki wataalamu wanafikiria kubadilisha Mkamuzi katika hospitali zote, kwani inaonekana kutembea hakumlindi mgonjwa kama ilivyodhaniwa.

Mama alisikiliza akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. "Angalau alitembea," alisema. Kisha akauliza kama anaweza kupewa kile kikuku, maana ndicho kilichotembea na mwanae.

Mhandisi alikitoa mfukoni. Kilikuwa kimesafishwa na kuchajiwa kwa ajili ya uchunguzi. Alikiweka kwenye kiganja cha mama, na mama akakifumba.

Sekela alikitazama kile kiganja. Aliwaza jinsi mashine zitakavyofundishwa uongo, katika wodi ambazo hajawahi kuziona. Akamwaza Sista Lugano nyumbani kwake, akijiuliza macho yake yalikuwa wapi. Kisha akawaza, kwa aibu, kwamba akinyamaza hakuna atakayejua kamwe, na mama atakuwa na hatua elfu sita mia tisa na kumi na moja za kumshikilia hadi siku ya kufa kwake.

"Mama," alisema. "Zile hatua zilikuwa zangu."

Mama aligeuka taratibu.

Sekela alieleza yote, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kama anayeitikia namba. Alieleza mluzi, na kitufe, na ujia wa mteremko. Alieleza kigimbi cha moto na kicheko chao. Alieleza alivyovuta shuka. Alipofika kwenye magoti na kitufe kilichokataa, alilieleza na hilo.

Mhandisi Gwakisa alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda kisichokuwa na mtu. Aliuliza kwa sauti ndogo kwa nini hakuna aliyeliona, halafu akajijibu mwenyewe. Kikuku cha kwanza hakikuwa na kitufe, alisema. Wagonjwa walilalamika kwamba hawawezi kutawadha vizuri, wengine hawawezi kuosha miguu, kwa hiyo akakiwekea kitufe. Katika mkutano mmoja mtu aliuliza, je, mgonjwa akimpa mwingine akivae? Yeye Gwakisa alicheka na kusema hakuna mtu atakayeidanganya mashine inayolinda uhai wake.

"Nilisoma bweni miaka sita," alisema. "Kidato cha tatu nilibeba namba ya rafiki yangu muhula mzima. Muhula mzima, na hakuandikwa hata siku moja." Aliitazama mikono yake. "Nilipaswa kujua. Kuliko mtu yeyote nchi hii, mimi nilipaswa kujua."

Mgonjwa mpya alikoroma kidogo, soksi zikamkamua.

Mama alikuwa hajasogea. Alimtazama Sekela kwa muda mrefu, na Sekela alisubiri kofi, akalitamani.

"Zote?" mama aliuliza.

"Mama?"

"Hizo hatua. Zote ni zako?"

Sekela alitikisa kichwa. "Kumi na moja zilikuwa zake. Jumatatu ile ulipoondoka. Alitoka kitandani hadi dirishani. Alisema anaona basi lako."

Mama aliweka mkoba wake chini. Alikwenda kusimama kando ya kitanda cha kumi na nne, mahali ambapo viatu vya mgonjwa mpya vilipangwa, akageuka kuelekea dirishani. Alianza kutembea. Hatua zake zilikuwa fupi, za mtu aliyeumia, mkono mmoja umeshika hewa mahali ambapo kiegemeo kingekuwepo, na mwingine, uliofumbata kikuku, ukipunga ubavuni. Alihesabu kimya, midomo tu ilionekana. Ya kumi na moja ilimfikisha. Aliegemeza paji la uso kwenye kioo na kutazama barabara.

Kwenye sakafu, ndani ya mkoba, simu iliita na kuongea yenyewe kwa ile sauti ya upole. "Hongera. Mgonjwa wako Atupele ametembea hatua kumi na moja leo. Endelea kumtia moyo."

Mhandisi aliruka, akapiga magoti mbele ya mkoba, akaanza kutafuta pa kuizima. Mama hakugeuka. Alimwambia aiache.